Kwa Kila Kichwa

Sheria ndogo, kifungu cha tisa, nakijua kama jina la mama:
mnyama atakayekutwa akizurura ndani ya mipaka ya jiji
atakamatwa, atafungwa zizini, na mwenye mali atalipa
shilingi elfu thelathini kwa kila kichwa.
Kwa kila kichwa. Shika hapo, tutaparudia.

Mimi ni karani. Sikamati mtu wala mbuzi.
Mgambo hukamata, mimi huandika.
Jumatatu ile walipanda Mabatini alfajiri,
kule ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe
na paa la jirani wa chini ndiyo baraza ya jirani wa juu.
Beberu la Lugwisha likaparamia jiwe kubwa,
likasimama huko likitafuna karatasi ya luku,
likiwatazama mgambo wanne kwa jicho la pembeni.
Pimbi nao wakatoka mapangoni kushuhudia.
Pimbi hawana kibali wala chanjo,
wamejenga bila ramani, kodi ya jengo hawaijui,
na hakuna kifungu kinachowataja.

Wakarudi na mmoja tu: jike jeusi, doa jeupe sikioni,
zito, la taratibu, lisiloweza kukimbia.
Hakuna aliyejiuliza kwa nini haliwezi kukimbia.
Nikaandika: mbuzi, mmoja. Nikagonga muhuri.

Usiku ikaja ile mvua ya ziwani isiyobisha hodi.
Asubuhi nafungua zizi, nyuma ya karakana ya magari ya taka,
nakuta macho sita yananitazama.
Mama na mapacha, bado wabichi,
na korongo wa dampo, yule mwenye upara na koti kuukuu,
amesimama ukutani akingoja kama wakili wa mirathi.

Saa tatu akaja Nyanzobe, muuza viazi wa Mlango Mmoja,
hela kaifunga kwenye pindo la kanga,
noti za elfu mbili mbili, zinanuka mkaa.
Akazihesabu mezani. Kumi na tano.

Nikamwambia, mama, vichwa ni vitatu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga;
kelele zina utaratibu wake.
Akavuta benchi, akaketi, akaomba kitabu.
"Hapa umeandika nini?"
Mbuzi, mmoja.
"Na hawa wawili walizurura wapi?"
Nikanyamaza.
"Wamezaliwa nyumbani kwa jiji, ni wana wa jiji.
Mimi nachukua wangu. Wenu leeni.
Ila, baba, kibali cha kufuga mnacho?"

Nikafunua kifungu cha tatu:
mtu yeyote, kampuni au taasisi.
Nikasoma tena. Taasisi.
Akaitwa Bwana Mifugo, Bugeraha, akakuna kidevu,
akapiga simu makao makuu.
Makao makuu wakauliza wanyama wana umri gani.
Saa nne, nikajibu.
Wakadhani nawapangia kikao.

Na muda wote huo vitoto vinalia
kama bawaba zisizotiwa mafuta,
maana chuchu zilikuwa upande wa pili wa faini.

Basi nikaandika: ametoka mbuzi, mmoja.
Nyanzobe akatia dole gumba, akashika kamba, akaenda.
Wale wawili hawakushikwa na mtu.
Wakamfuata mama yao getini, wakipepesuka,
wakizurura waziwazi ndani ya mipaka ya jiji,
na mimi, kama nilivyosema, sikamati.
Kalamu nilikuwa nimeichomeka sikioni.

Mwezi Juni akaja mkaguzi wa hesabu, mtu wa miwani.
Akazunguka zizi, akainama pembeni,
akaokota kwa kijiti vidonge vidogo, vikavu,
vidogo mno kwa mbuzi mmoja mkubwa.
Akaniuliza hivi ni vya nani.

Pimbi, nikamwambia.
Hao hawamo kwenye sheria.